Tairi la Bulugu

Lilikuwa la Fuso la kubebea tumbaku, iliyofia njia ya Urambo.
Kalunde alilining'iniza kwa mnyororo kwenye mninga
baada ya Bulugu kung'oa lango mara ya tatu
na kulala juu ya matuta ya jirani, viazi mdomoni,
kama mwenye shamba.

"Dume huyu hana ubaya," alisema.
"Ana mchana mrefu tu."

Basi akapigana na mpira tangu umande hadi jua la utosi,
akarudi zizini pembe zimepakwa weusi,
anapumua kama mtu aliyeshinda kesi.

Juzi tulimuuza mnadani Nzega. Ada ya shule.

Jioni nilimkuta Kalunde peke yake,
paji la uso kwenye tairi,
analisukuma,
analingoja lirudi.