Daftari la Uani, Isevya

Stesheni walinipa mkono, soda,
na daftari moja lililosahaulika kabatini:
Inatoka. Inakwenda. Saa. Imechelewa.
Oktoba hii Tabora imekauka kama ulimi wa mgonjwa.
Nimekaa uani na kalamu, nasajili wanaopita.

Saa mbili na robo. Chozi (yule ndege, si lile jingine),
kutoka mpapai wa Mama Kalunde kwenda ua la mgomba wetu.
Hakuchelewa. Shingo yake kijani, kisha si kijani.
Nimeandika, nimekata. Rangi: haijulikani.

Saa tatu. Tetere wawili juu ya bati,
wanaongea kama watu wanaodaiana kwa adabu.
Chini, sisimizi, mabehewa yasiyohesabika,
mzigo: bawa la nondo, wamelisimamisha wima.
Wakikutana uso kwa uso wanasita kidogo,
kama wenye habari ya msiba, kisha wanapishana.
Njia moja, pande mbili, hakuna ajali.
Miaka thelathini na moja sikuona zamu kama hii.

Saa sita hatembei mtu.
Nyenje tu, kwenye mlonge, wanalikereza joto.
Kunguru kaachama, hasemi, anahema.
Namwekea maji kwenye kifuniko cha sufuria;
ananitazama kama mkaguzi.

Saa tisa na dakika kumi, nyigu.
Kutoka topeni chini ya bomba
kwenda mlango wa stoo, tundu la ufunguo.
Safari kumi na nne nimehesabu,
kila safari tonge moja la udongo
na mlio mwembamba anapolipaka.

Stoo ya Nyamizi. Tangu Machi sijaifungua:
mizinga yake miwili, kofia ya wavu,
khanga inayonukia moshi.
Shija kanipigia jana: Baba, fungua, panya watamaliza.
Na leo ufunguo nilikuwa nimeuchukua, kweli,
uko mfukoni, una joto.
Kijiti kimoja kingetosha, dakika moja.

Lakini nyigu kaleta buibui aliyelegea,
akamsukuma ndani, akaziba, akapiga lipu kwa paji la uso,
akakaa juu ya kitasa akijipangusa miguu
kama fundi aliyelipwa.

Nimeandika: Nyigu, mmoja. Saa kumi kasoro tano.
Inakwenda: nimeacha wazi.
Imechelewa: mimi, miezi saba.

Nimempigia Shija. Subiri, mwanangu.
Huu mlango utafunguliwa kutoka ndani,
wiki tatu hivi, mvua zikianza.
Akauliza, Baba, umekula?

Kunguru kamaliza maji.