Robo Saa

Ibra, usiku wa zamu ya Bi Shinuna,
mimi ndiye niliyekuwa nikiondoa jiwe.
Robo saa tu. Kila siku ya nane, miaka kumi na mmoja,
maji ya falaji yakikata kona kuja kwangu,
mitende yangu ikinenepa, yake ikikauka makuti.

Nilishahiji. Kipaji cha uso kilikuwa na sugu.

Hakuna aliyenikamata, wala sikuota ndoto.
Alfajiri moja nilichutama mferejini nitawadhe,
nikasukutua, nikafika kiwiko cha kulia,
mkono ukasita:
haya yanayonitoharisha ni maji ya nani?

Nikahesabu swala zangu, nikashindwa.
Nikahesabu mitende.

Nilidhani toba ni chozi, ni msala,
ni sauti ya kukatika mbele ya watu.
Ni jiwe lenye matambara yaliyooza,
zito kuliko nilivyozoea, maana safari hii
nilikuwa nalirudisha.

Jua lilipochomoza nikabisha hodi kwake.
Kikanitoka Kiswahili, kile cha Wete tulikozaliwa sote;
Kiarabu kingenipa pa kujificha.
Alikuwa akichambua tende, hakuacha.
"Robo saa," akasema, "na dakika mbili. Saa ninayo."

Mbona hukusema?

Akatema kokwa kiganjani.
"Ningesema, ungerudisha maji tu."

Sasa kila zamu namwachia robo saa yangu,
na dakika mbili.
Nitamaliza, nikijaaliwa, na miaka themanini na mbili.