Vipimo vya Ghala la Pareto, Isyonje

Nimefika saa mbili, ukungu bado umelalia mabati.
Urefu: mita kumi na nane na nusu.
Upana: sita, kasoro kiganja,
maana ukuta wa mashariki umejipinda
kama mtu aliyeitwa jina lake kwa nyuma.
Hilo la mwisho fomu haikuniuliza.

Subilaga, mwenye mali, ametoka zamu ya usiku hospitalini.
Anapiga miayo akinionyesha nyumba ambayo haipo:
hapa sebule, hapa watoto watalala,
na hapa, kwenye tanuri, jiko.
"Andika upesi, fundi plasta anaanza Jumatatu.
Lakini andika vyote.
Sitaki kulala ndani ya kitu nisichokijua."

Basi naandika.
Mihimili tisa ya mkaratusi, miwili imeliwa.
Tofali za kuchoma, udongo wa Isyonje, wekundu wa ndani ya mdomo.
Tanuri, na masizi ya kuni za miaka thelathini
yanayotoka na kidole changu, yanayokataa kutoka kwenye kidole changu.
Trei za waya, arobaini na moja:
juu yake maua yalilala meupe yakaamka makavu,
yakafungwa guniani, yakaenda kuua mbu wa watu wengine.
Buibui: wengi.

"Hao wa juzi," sauti inasema mlangoni.
Bibi Tupokigwe. Amepanda mlima na fimbo na kandambili,
hakualikwa na mtu.
"Enzi zetu inzi akiingia humu alitoka amelewa.
Buibui gani angetega mahali pasipo na kitoweo?
Na huo unaouita mlango si mlango.
Mlango ulikuwa kule. Lori liliubomoa kwa kinyumenyume,
siku walipokuja kuchukua mzigo wa mwisho wakachukua na mizani."

Nafuta. Naandika upya.
Baada ya pareto, viazi.
Mwaka wa mvua ile kubwa, maiti ya mumewe,
siku mbili, barabara imekatika,
"na viazi vikachipua pembeni yake, havina adabu."
Halafu kura. Halafu ndama wa mgonjwa fulani. Halafu hakuna.

Anasogeza gunia kwa fimbo.
Nyuma yake ukutani, mkaa:
vijiti vinne na cha tano kikivikata, safu kwa safu,
na majina kwa mwandiko wa mtu aliyesoma mpaka la nne.
Sekela. Nsia. Mbutolwe.
Kila jina limepigwa mstari.
Tupokigwe, madebe kumi na manne.
Halina mstari.

"Mstari ni malipo," ananieleza, kama naulizwa shuleni.
"Karani alisema anakwenda kula, akirudi ananipa.
Mpaka leo anakula."

Subilaga ameacha kupiga miayo.
Fomu yangu ina safu ya ufa, safu ya unyevu,
safu ya mchwa.
Nalitafuta deni pa kuliweka, nakosa,
nalibana kwenye safu ya paa,
maana nalo, nilivyoona, lilikuwa linavuja.

"Bibi, ukuta huu tuuache bila plasta?" anauliza Subilaga.
"Uuache wa nini? Baridi ya Juni utaijua wewe na wanao.
Paka. Ila soma kwanza.
Soma kwa sauti, wote, na mimi nikiwemo."

Akasoma, nesi huyo, na sare yake ya usiku,
kwa sauti ile wanayoitia wagonjwa dirishani.
Kwenye la mwisho Bibi aliitika, "Nipo."

Kisha akachagua trei moja, akaigonga vumbi kwenye goti.
"Nitaanikia maharage."
"Basi tumemalizana, Bibi?"
"Nani kasema?"

Trei za waya: arobaini.
Narekebisha, naweka sahihi, tarehe.
Kwenye mteremko naiona imekaa kichwani mwake,
jua limepenya ukungu, limepita katika matundu,
na mabega yake yote yameandikwa viraba.