Mapafu ya Kamongo

Shemeji yangu Masalu, mchungaji wa Igoma,
alinunua kamongo pale Mwaloni, mzito kama mtoto wa miaka miwili.
Alifungwa kwenye kiroba tangu alfajiri, bila tone la maji,
na saa nne alikuwa bado anahema.

"Wewe wa chupa za Nyegezi," akaniambia,
akinoa kisu kwenye ngazi ya saruji,
"nijibu leo. Hao furu wako wamebadilika, haya, nakubali,
huyu taya, yule rangi. Lakini furu ni furu.
Nionyeshe furu aliyegeuka bata."

Miaka kumi na saba nabandika lebo kwenye chupa.
Namjua furu mvunja konokono, meno yake ya kooni kama kokoto.
Namjua mla magamba ya wenzake, namjua na yule mwizi
anayembana mama mtu mdomo mpaka ateme watoto.
Na tope tuliloliopoa kwa bomba, chini kabisa ya ziwa,
lina mizizi ya nyasi.
Palikuwa mbuga hapa, Masalu.
Ziwa lilikauka, likarudi, furu wakachipuka aina kwa aina
katika muda ambao jiwe la Bismarck
halikuhisi hata mwasho.

Ama bata,
furu wangu mmoja akiamka kesho ana mabawa
nitafunga maabara, nitakuja Igoma, nitakaa benchi la mbele.
Unachoomba si ushahidi. Ni muujiza,
na miujiza ni idara yako.

Akacheka. Kisu kikaingia.

"Ngoja, usitupe hicho."
Mawili, marefu, mekundu, yana povu.
"Nini?"
"Mapafu."
"Ya samaki?"
"Ya samaki."
Nikamvuta pezi, jembamba kama kamba ya kiatu,
nikamwonyesha begani linapoanzia: pingili moja,
kama mkono wako huo ulioshika kisu.
Mpasue sangara, hutaiona.
Kwa ukoo, huyu yu karibu na wewe kuliko na sangara.

Masalu akayapima mapafu kiganjani.
"Fundi mmoja," akasema, "mbao zilezile.
Atengenezaye kabati na kitanda hatafuti msitu mpya."

Jibu zuri. Lilinikalia kooni kama mwiba.
Nikamenya kitunguu kizima kabla sijasema:

Ulipokuwa mwalimu Magu uliwakamata wale wawili,
Lushinge na mwenzake.
Si kwa majibu sahihi; saba mara nane kila mtu hupata.
Uliwakamata kwa "Bahari ya Hini",
herufi ileile imeruka, mstari uleule.
Sasa sikiliza. Ndani ya damu yetu kuna mstari uliokatika,
ule wa kujitengenezea kilichomo kwenye chungwa.
Mbuzi anao mzima. Mbwa anao mzima.
Sisi umekatika. Sokwe naye
umekatika, na palepale.
Fundi hurudia mbao, shemeji.
Ufa harudii.
Kuna mmoja aliyekaa mbele yetu sote wawili
na daftari lake wazi.

Kisu kilikaa hewani.
Nzi wakatua, wakaondoka.
"Wale watoto," akasema mwishowe, "niliwachapa fimbo sita sita."
"Najua."
"Sikukosea?"
"Hukukosea."
Akanawa mikono. Akanawa tena.

Bibi mzaa mama, aliyehamia huku kutoka Bukoba,
hakumgusa kamongo maisha yake yote.
"Huyu ni ndugu," alisema, na ukimuuliza kivipi
alikutuma kuni.
Hakuwa na chupa, hakuwa na bomba la tope.
Siwezi kumweka kwenye orodha ya ushahidi
na sitamweka.

Mezani Masalu alifumba macho, akashukuru
kwa unga, kwa mafuta, kwa mikono ya dada yangu,
kisha akasita, pumzi moja ndefu,
"na kwa huyu, Bwana, uliyempa kuhema."

Nikasema amina.
Nikala ugali kwa mchicha.