Nguzo Mbili

Degera alikuja dukani kwangu Kwa Mtoro
na nta bado kwenye kucha,
akataka lebo arobaini za asali.
"Weka jina la bibi. Ndiye aliyenifundisha mizinga."
Akalitamka.

Mimi Mgogo wa Mvumi. Nilisikia kitu
kikibanduka shavuni mwake,
ule mlio tunaomhimizia punda,
kisha *asu*, laini, nyuma yake.
Nikaandika Kasu.
"Ndivyo walivyoandika kwenye kitambulisho," akasema.
"Huyo Kasu kwetu hatumjui."

Nikaweka alama ya mshangao.
"Bibi hashangai. Na huo ni mlio mwingine,
wa ulimi kudondoka toka juu, kama kizibo."
Nikatafuta kwenye kibodi ile mistari ya kusimama,
nikaigonga mara mbili.
Kompyuta ikalikata jina:
mistari ikabaki juu,
asu ikaanguka chini, peke yake.
Kwa jicho palikuwa pazuri tu.
Kwa mashine nilikuwa nimejenga ua,
na ua hauitwi, hauitiki.

Akavua flashi iliyoning'inia shingoni kwa uzi.
Mwanafunzi mmoja aliwaachia orodha ya maneno
baada ya kiangazi kizima cha kuuliza, "Na hiki?"
Nikafungua. Ilikuwepo:
ǁ
nguzo mbili nyembamba, herufi kamili,
zimesimama kama miimo iliyokosa mlango.
Nikainakili. Nikaibandika.
Genereta ya kinyozi ikakohoa, nikachapa haraka.

Zikatoka lebo arobaini,
na pale penye ulimi wa bibi
kisanduku kitupu.
Arobaini.
Mimi nahesabu hasara ya karatasi,
Degera anacheka, ameshika meza:
"Imechora mzinga! Nyuki tu hawajaingia."

Kumbe ni mwandiko niliouchagua,
ule wenye mikia, wa kadi za harusi;
haukuwahi kufundishwa umbo lile.
Nikachukua mwingine, wa kawaida, usio na madaha.
ǁasu.
Chini yake ukatambaa mstari mwekundu,
ule ule unaotambaa chini ya jina la baba yangu.
Nikauacha utambae.

Siku hizi herufi ile ina faili lake,
halina kingine ndani. Nimeliita "bibi".
Nikiihitaji naenda kuiazima
kama mtu anayevuka uwanja kuomba kijinga cha moto,
na kila mara nairudisha nikiwa nayo bado.

Juzi nilikwenda kwao kudai salio langu.
Kitukuu alikuwa na chupa mapajani,
anasoma kwa kidole:
"Kumi na moja... asu."
Bibi, asiyejua hata a,
akaweka chini ungo wa uwele.
Akabandua shavu, mara moja.
Mtoto akaitazama lebo,
akamtazama mdomo,
akajaribu.
Mate yakamtoka.