Pumzi ya Kamongo

Usitupe katikati ya gugumaji, Obala alinionya.
Mshipi utajifunga, utavuta majani kutwa
ukidhani una bahati.
Tafuta tundu. Dogo tu, kama mdomo wa sufuria,
pale maji yanapokuwa meusi.

Chubwi usitie. Nyungunyungu azame
kwa uzito wake mwenyewe,
na boya (kisigino cha ndara kuukuu,
nimekikata kwa wembe) lilale ubavu.

Kisha sikiliza.
Kamongo haishi kwa maji tu;
sharti aje juu kuvuta hewa.
Utamsikia chini ya majani: fyuu,
kama mtu anayepuliza uji.
Hesabu hadi ishirini. Usikurupuke.
Akanionyesha mkono wake,
vidole vinne na kovu.

Leo hapa Usoma upepo umehamisha magugu.
Tundu nililolijua tangu Jumatatu limezibwa.
Obala yuko Migori kwa bintiye, simu haishiki.
Nimelazimika kutoboa jipya kwa kasia,
nimewatisha samaki wote, nadhani,
na wanafunzi wawili ufuoni wananicheka.

Fyuu.
Kushoto, karibu na mafunjo.

Kumi na saba. Kumi na nane.
Boya limesimama wima
na mimi, mjinga,
naangalia vidole vyangu.