Chembe Ishirini na Tatu

Mfuko umeingia Bishkek na basi la alfajiri:
kilo nne za jiwe jekundu, limefungwa kwa gazeti la michezo.
Juu yake mjomba Kaligul ameandika, kwa rangi ya kutia alama kondoo:
Ng'ambo ya kijito, chini ya zizi la Meerim. Fanya haraka.

Nusu yake nikaivunja. Nikaisaga, nikaichekecha,
nikaimwaga katika kimiminika kizito
ambamo kwarizi huelea kama povu la maziwa ya farasi
na kilicho kizito hushuka kimyakimya,
kama mtu aliyejua tangu mwanzo atalala wapi.

Kilichobaki kingetosha juu ya ukucha.
Nikakigandisha kwa gundi, nikakisugua hadi king'ae,
nikakichovya kwenye asidi sekunde ishirini
(si kumi na tisa, si ishirini na moja),
kisha nikainama kwenye hadubini.

Wewe unayelishika ukadhani ni kitu kimoja,
hili jiwe la mchanga ni kambi ya wahamiaji.
Kila chembe ilikuja na mto wake
kutoka milima ambayo leo haina hata jina la kutukania.
Wakalala tabaka kwa tabaka. Wakafukiwa. Kule chini
kukawa na joto.

Ndani ya chembe mna urani, kidogo sana,
na mara moja kwa muda mrefu atomu hupasuka,
vipande vyake vikakimbiana, vikaacha njia
fupi kuliko unene wa unywele.
Baridi huitunza njia hiyo. Joto huila.
Kwenye nyuzi sitini inaanza kufupika;
ikifika mia na ishirini imejifunga kama kidonda cha mtoto,
hata kovu hulioni.
Kwa hiyo apatiti haikwambii ilizaliwa lini.
Inakwambia lini ilipoa.

Nahesabu mikwaruzo,
jicho moja, bila wazo,
sitafuti matulizo,
natafuta ya ukweli.

Saba hapa, tisa kule,
nauacha ufa ule,
simu yaita milele,
mjomba ana maswali.

Nayajua maswali yake. Watu wa mafuta walikunywa chai kwake,
wakasema: jiwe likisema lilipata joto la kutosha, tunaleta mtambo.
Akakopa benki. Akajenga nyumba ya wageni, vyumba vinane,
kila kimoja na kigingi cha kutundikia kofia za wachimbaji.

Siku ya nne chembe ishirini na tatu zikakubaliana:
miaka milioni kumi na moja.
Zirkoni peke yake, roho ngumu, ilikataa kusahau;
bado inaitaja ile milima iliyokufa.
Kati ya sahau ya huyu na kumbukumbu ya yule
ndimo nilimosoma joto lote.

Nikapiga simu.

"Yalikuwepo?"
"Yalikuwepo, mjomba. Yaliiva."
"Basi?"
"Mkunjo wa miamba ambao ungeyazuia uliinuka baadaye sana.
Chungu kilichemka kabla kifuniko hakijafinyangwa."
"Yakaenda wapi?"
"Juu. Yakatoka. Hapakuwa na mtu."

Tumefundishwa kwamba mvumilivu hula mbivu.
Hakuna aliyetuambia habari za tunda lililoiva
na kuanguka na kuoza
kabla mvumilivu hajapata meno.

Nilisikia nyundo upande wake wa simu,
kisha nikasikia akimwambia mtu aache kupigilia.
Akakohoa. Akauliza kama nakula vizuri.
Mwisho akasema: "Hilo jiwe lililobaki nirudishie.
Upepo wa huku unabamiza milango."

Nikalipasua kwa nyundo ndogo, taratibu,
nikachagua vipande vinane,
nikavifunga kwa gazeti lilelile.